Daftari la Mahudhurio la Mwalimu Presser

(Hotuba iliyotolewa katika mkutano wa mwaka wa wanafunzi wa zamani, bwaloni)



Katibu wa chama aliponiandikia barua alisema nizungumze jambo lolote, mradi liwe na faida kwa vijana na lisizidi nusu saa. Walionipata darasani wanajua kwamba sharti la pili ni gumu kwangu kuliko la kwanza. Nitajitahidi.

Ndugu zangu, leo nimekuja kulipa deni. Nilifundisha historia kwa miaka 31. Kila mwaka, tulipofika kwenye Vita Kuu ya Pili ya Dunia, niliandika ubaoni mstari mmoja: "Wanazi wa Ujerumani waliua Wayahudi karibu milioni 6." Wanafunzi walinakili, nikafuta ubao, tukaendelea na kuundwa kwa Umoja wa Mataifa. Mwaka mmoja kijana wa dawati la nyuma alinyosha mkono akauliza, "Mwalimu, walikuwa akina nani?" Nikamjibu kwamba swali hilo haliji kwenye mtihani. Darasa likacheka, naye akaketi.

Kijana yule hakuwa anafanya mzaha. Aliuliza swali la mwanahistoria, nami nikampa jibu la msahihishaji wa mitihani. Nilipostaafu nikapata wasaa wa kusoma bila kufuata mtaala, na swali lake likanirudia. Kama yumo humu ndani, leo namjibu. Kama hayumo, mnaomfahamu mfikishieni.

Watu milioni 6 hawaelezeki kwa nusu saa, wala kwa umri mzima wa mtu. Kwa hiyo nitawasimulia habari za mmoja aliyenusurika. Nimemchagua kwa sababu alikuwa mwalimu wa sekondari, tena wa historia, na kila asubuhi alifungua daftari la mahudhurio kama nilivyofungua mimi.

Jina lake ni Jacques Presser. Alizaliwa mwaka 1899 katika jiji la Amsterdam, nchini Uholanzi, katika familia ya Kiyahudi isiyokuwa na mali. Baba yake alikuwa fundi wa kung'arisha almasi, kazi iliyofanywa na Wayahudi wengi wa jiji lile. Kijana alikuwa na akili, akasoma hadi chuo kikuu, na mwaka 1926 akaanza kufundisha katika shule ya Amsterdam iitwayo Vossius. Mwaka 1936 alimwoa Deborah Appel, aliyekuwa mwanafunzi wake hapo zamani. Watu wao walimwita kwa kifupi, Dé.

Naomba vijana mwelewe jambo hili. Wayahudi wa Uholanzi hawakuwa wageni waliofika juzi. Walikaa pale kwa zaidi ya miaka 300. Walikuwa mafundi, wachuuzi, madaktari, wachezaji mpira na mahakimu. Mwalimu Presser alifundisha watoto wa Kikristo, wa Kiyahudi na wasio na dini, wala hapakuwa na aliyeona ajabu.

Mwezi Mei 1940 majeshi ya Ujerumani yaliivamia Uholanzi na kuiteka kwa siku tano. Wengi walitazamia kwamba mauaji yangeanza siku iliyofuata. Hayakuanza. Kitu cha kwanza kilichokuja kilikuwa karatasi. Mwezi Oktoba 1940 watumishi wote wa serikali, walimu wakiwemo, waliletewa fomu ya kujaza: je, wewe ni Myahudi au si Myahudi? Karibu wote walijaza. Fomu ni kitu cha kawaida, na mtumishi mwema hujaza fomu. Mwezi Novemba, Wayahudi wote waliojaza walisimamishwa kazi. Mwalimu Presser akatolewa darasani.

Hapo nataka kumtaja mtu mmoja ambaye wanafunzi wa zamani wa shule yoyote wanapaswa kumjua. Katika Chuo Kikuu cha Leiden, profesa wa sheria Eduard Meijers, Myahudi, alisimamishwa kama wengine. Tarehe 26 Novemba 1940, saa ambayo Meijers angekuwa anafundisha, aliingia ukumbini Rudolph Cleveringa, mwanafunzi wake wa zamani, ambaye wakati huo alikuwa mkuu wa kitivo cha sheria. Alisimama mbele ya watu wote akaeleza mwalimu wake ni mtu wa namna gani, na dhuluma aliyofanyiwa ni ya namna gani. Nyumbani alikuwa ameshafungasha mkoba, akijua watakuja kumchukua. Walikuja, akafungwa miezi kadhaa. Wanafunzi wakagoma, na chuo kikafungwa. Cleveringa hakuweza kumrudishia Meijers kazi yake. Lakini Meijers alijua kwamba palikuwapo mmoja aliyesema.

Baada ya fomu ya watumishi ikaja amri ya Januari 1941: kila mtu mwenye asili ya Kiyahudi ajiandikishe. Karibu wote walijiandikisha, yapata watu 160,000. Msishangae. Uholanzi ilikuwa nchi ya sheria na ofisi zilizopangika. Mwananchi alizoea kuiamini orodha ya serikali. Vitambulisho vya nchi ile vilitengenezwa kwa ufundi mkubwa, vigumu kughushi. Cha Myahudi kikapigwa herufi J. Sasa adui hakuhitaji tena kuuliza ni nani na anakaa wapi. Orodha ilikuwa tayari mezani.

Wako waliokataa. Mwezi Februari 1941, baada ya mamia ya vijana wa Kiyahudi kukamatwa barabarani mjini Amsterdam, wafanyakazi wa jiji waligoma tarehe 25 na 26. Treni za mitaani zilisimama, na viwanda na maduka vikafungwa. Mgomo ulizimwa kwa risasi. Nautaja kwa sababu si haki kusema kwamba watu wote walinyamaza.

Baada ya likizo ya mwaka 1941, watoto wa Kiyahudi walikatazwa kusoma pamoja na wengine. Wakafunguliwa shule zao peke yao, zikifundishwa na walimu wa Kiyahudi waliokuwa wamefukuzwa kazi. Moja ilikuwa shule ya sekondari karibu na mto Amstel. Mwalimu Presser akapata kazi humo. Humo pia walisoma mabinti wawili wa familia ya Frank, Margot na Anne. Wengi wenu mmesikia habari za shajara ya Anne.

Inashangaza, lakini shule ile ilikuwa shule kweli. Walifanya majaribio, walipewa ripoti, walichelewa wakaadhibiwa, walipendana kisirisiri. Nje ya lango, dunia yao ilikuwa inapungua mwezi hata mwezi. Walikatazwa bustani, sinema na mabwawa ya kuogelea. Mwezi Mei 1942 kila mmoja kuanzia umri wa miaka 6 alilazimishwa kushona nyota ya manjano kifuani. Mwezi uliofuata walikatazwa kupanda treni za mitaani na kutumia baiskeli, na saa 2 usiku kila Myahudi awe ndani ya nyumba.

Mwezi Julai 1942 zilianza kufika barua za wito. Waliambiwa wanakwenda Ujerumani kufanya kazi. Miongoni mwa walioitwa kwanza walikuwamo vijana wa miaka 16, rika la kidato cha tatu na cha nne mlioketi hapa mbele. Margot Frank alipata barua yake tarehe 5 Julai, na kesho yake familia yake ikajificha. Tarehe 15 Julai treni ya kwanza iliondoka kambi ya Westerbork kuelekea Auschwitz.

Sasa mfikirieni mwalimu yule, shule zilipofunguliwa baada ya likizo. Anafungua daftari, anaita majina. Zamani jina lisiloitikiwa lilikuwa na maana ya homa, au utoro. Sasa lilikuwa na maana mbili tu: mtoto amekamatwa, au amejificha. Na mwalimu hakupaswa kudadisi, maana kama amejificha, kuuliza kwa sauti ni kumsaliti. Basi akaendelea na somo. Wiki iliyofuata madawati matupu yaliongezeka. Pakawa na siku ambapo mtoto aliyepata alama nzuri hakuwapo kupokea karatasi yake. Mimi niliita majina kwa miaka 31, na sikuwahi kuogopa kimya kinachofuata jina.

Walimu wa shule zile walipigiwa mihuri katika vitambulisho kwamba safari yao imeahirishwa hadi hapo itakapoamuliwa vinginevyo. Watu waliuthamini muhuri ule kama dawa. Lakini mwenye muhuri alijua moyoni kwamba siku anayobakizwa yeye, anachukuliwa mwingine kutimiza hesabu. Hilo Mwalimu Presser hakulisahau maisha yake yote.

Mwezi Machi 1943 Dé alikamatwa safarini akiwa na kitambulisho cha bandia. Alipelekwa Westerbork, na kutoka huko akapandishwa treni iliyokwenda Sobibor, katika Polandi. Vijana, Sobibor haikuwa kambi ya kazi. Ilijengwa kwa ajili ya kuua tu. Treni zilipofika, watu walivuliwa nguo na kupelekwa moja kwa moja kwenye vyumba vya gesi, isipokuwa wachache waliobakizwa kwa kazi za hapo hapo. Kati ya Machi na Julai 1943 treni 19 zilitoka Westerbork kwenda Sobibor, zikiwa na watu 34,313. Waliorudi baada ya vita walikuwa 18. Nimesema kumi na wanane. Dé hakuwa miongoni mwao.

Mwalimu Presser alikwenda kujificha. Alikaa kwa siri nje ya Amsterdam, akihama nyumba hata nyumba, akitunzwa na watu waliohatarisha roho zao kwa ajili yake. Huko Amsterdam misako iliendelea, na mwezi Septemba 1943 waliobaki wakazolewa. Shule ile ya karibu na mto haikuwa tena na wa kufundisha wala wa kufundishwa.

Mwezi Mei 1945 Uholanzi ilikombolewa. Mwalimu akatoka mafichoni, akarudi shule ya Vossius kufundisha. Chukueni hesabu sasa. Wayahudi waliochukuliwa Uholanzi walikuwa yapata 107,000. Waliorudi walikuwa kama 5,000. Katika Wayahudi wanne wa nchi ile, watatu waliuawa. Nchini Ufaransa ilikuwa karibu mmoja kati ya wanne. Sababu za tofauti hiyo ni nyingi, nazo wasomi wanazijadili hadi leo, lakini mojawapo ni ile orodha iliyokamilika mno.

Mwaka 1950 serikali ya Uholanzi, kupitia taasisi yake ya kumbukumbu za vita, ilimpa Presser kazi ya kuandika historia ya maangamizi ya Wayahudi wa nchi ile. Alidhaniwa ataimaliza kwa muda mfupi. Ilimchukua miaka 15. Alisoma barua zilizotupwa kutoka madirishani mwa treni, shajara za watoto, amri za maofisa, orodha za treni zilizopigwa chapa kwa usafi. Fikirini mtu anayefungua majalada ambamo wakati wowote anaweza kukutana na jina la mkewe, au la mtoto aliyekuwa akiketi dawati la pili upande wa dirishani.

Kitabu kilitoka mwaka 1965, juzuu mbili. Nchi ilitikisika, kwa sababu kilionyesha kwamba wengi wa waliopanga treni, walioandika orodha na waliolinda milango walikuwa Waholanzi wenyewe, watu wa kawaida waliofanya kazi za kawaida. Wapo wanahistoria waliomlaumu kwamba aliandika kwa uchungu mno. Labda. Yeye mwenyewe alijiona kuwa msemaji wa watu ambao hawataweza tena kujisemea, na sijui kama msemaji wa namna hiyo anaweza kusema kwa sauti ya karani.

Alifanya jambo jingine ambalo kila mwanafunzi wa historia anufaike nalo. Wakati wake wasomi wengi walidharau shajara, barua na kumbukumbu za mtu binafsi, wakisema si ushahidi wa kutegemewa. Presser alizipa jina lake maalumu na akazitetea kuwa chimbuko halali la historia. Alikuwa na sababu. Karatasi za serikali zilikuwa na hesabu sahihi ya waliopanda treni. Hazikuwa na hata neno moja la kusema walikuwa akina nani.

Alifariki mwaka 1970. Maisha yalikuwa yamempa tena mke, uprofesa na heshima. Hakuacha kuwa mtu aliyekatika mara mbili.

Pengine kijana mmoja anasema moyoni: hayo ni ya Ulaya, sisi yanatuhusu nini? Nakujibu. Mwaka 1904 alizaliwa hapa kwetu, Dar es Salaam, mtoto aliyeitwa Mahjub bin Adam Mohamed. Alikuwa askari mtoto katika vita ya kwanza, kisha mwaka 1929 akafika Berlin. Huko alijulikana kama Bayume Mohamed Husen. Alikuwa mhudumu wa hoteli, aliigiza katika filamu, na alisaidia kufundisha Kiswahili katika chuo kikuu cha mji ule. Naam, mwalimu wa Kiswahili. Mwaka 1941 Wanazi walimkamata kwa kosa la kuwa na uhusiano na mwanamke wa Kijerumani, wakampeleka kambi ya Sachsenhausen, naye akafia huko tarehe 24 Novemba 1944. Leo jina lake limo katika kibao kidogo cha shaba, kimezikwa kwenye njia ya waendao kwa miguu mjini Berlin. Yeye hakuwa Myahudi, wala msiba wake si sawa na msiba wa taifa zima lililowindwa mpaka watoto wachanga. Lakini anayeanza kuwatenga watu kwa orodha hatosheki na orodha moja.

Namalizia, maana naona Katibu anatazama saa.

Kwenu wanafunzi. Utakapokuwa karani, mwalimu, mkuu wa wilaya au polisi, utaletewa fomu na orodha za kujaza. Nyingi zitakuwa za heri: chanjo, kura, karo. Lakini itakapokuja orodha inayowatenga watu kwa kabila, dini au rangi, uliza ni ya nini kabla hujachovya kalamu. Muda wa kuuliza ni mwanzoni. Waholanzi waliojaza fomu ya Oktoba 1940 hawakuwa wabaya. Walikuwa na haraka ya kurudi kazini.

Kwenu wenzangu wa zamani. Leo asubuhi tuliitana majina kwa miaka yetu ya kumaliza. Kila jina lililokosa mwitikio, palikuwa na mtu aliyesema, "Huyo ni marehemu, alikuwa hodari wa hesabu," au, "Huyo yuko Mwanza, anaumwa." Hiyo ni neema, ndugu zangu, kuwa na mtu wa kujibu kwa niaba yako. Katika familia nyingi za Kiyahudi hakubaki hata mmoja wa kujibu. Ndiyo maana mwaka 2021 mjini Amsterdam walifungua ukuta wa matofali zaidi ya 102,000, kila tofali limeandikwa jina moja, tarehe ya kuzaliwa na umri wa kufa. Ile orodha iliyoandikwa ili kuua sasa imeandikwa upya ili kuwaita.

Na kwako, kijana wa dawati la nyuma, ambaye sasa nawe una mvi: uliniuliza walikuwa akina nani, nikakukalisha chini. Nisamehe. Mmoja wao aliitwa Deborah Appel. Alikuwa mwanafunzi, kisha mke wa mwalimu wa historia, na nyumbani walimwita Dé. Wengine wote nao walikuwa na majina, na kila mmoja palikuwa na mlango ambao aliitwa kwa jina lile jioni ilipoingia.